Uliza Ujibiwe: Umbo la molekuli ndo kazi yake

Toleo lililopita niliandika kuhusu seli na vitu vinavyoijaza, nikazigusia zile molekuli kubwa (makromolekuli), yaani protini, kabohaidreti, mafuta na asidi nukleiki (DNA na RNA), afu nikapita. Meseji zilizokuja zimenionyesha kwamba sikutakiwa kupita haraka vile. Nimechagua nane, zingine nimezifupisha kidogo, na majibu mengine yatakuwa marefu maana swali lenyewe lina uzito.

Shikamoo mwalimu. Nasoma baiolojia na kila kitabu kinasema makromolekuli ni polima, mnyororo wa vipande vidogo vinavyojirudia. Sasa mafuta yanaingiaje humo wakati hayana mnyororo wa hivyo? Nimeuliza darasani nikaambiwa nikariri tu. (Mwanafunzi)

Marahaba. Umeuliza sawasawa kabisa, na usikubali kukariri. Mafuta sio polima. Chukua yale mafuta ya kawaida ya kuhifadhi nishati, kuna gliseroli moja imeshikana na asidi za mafuta tatu, basi, hapo imeisha, huwezi kuunga kipande cha nne, cha tano, mpaka cha elfu. Yamewekwa kundi moja na wenzake kwa sababu kila seli inayahitaji kwa wingi, na kwa sababu yakikusanyika yanajenga kitu kikubwa kama utando wa seli, lakini kikemia sio mnyororo. Kwenye mtihani andika hivyohivyo na sababu uitaje.

Hizo tatu zingine ndo minyororo kweli, na kuna jambo moja linanifurahisha kila nikilifundisha: namna ya kuunga ni moja kwa zote. Vipande viwili vikishikana, molekuli moja ya maji inatoka. Ukitaka kuvitenganisha, unarudisha maji. Hata asidi za mafuta zinaposhika gliseroli, maji yanatoka, kwa hiyo hapo angalau mafuta yana undugu na wenzake. Na mmeng'enyo wote wa chakula, ukiuangalia kwa jicho la kemia, ni kurudisha yale maji kwenye vifungo, kimoja baada ya kingine, vimeng'enya, yaani molekuli zinazoharakisha kazi za kemia mwilini, vikisimamia.

Zamani wanasayansi wengi walikuwa hawakubali kabisa kwamba molekuli moja inaweza kuwa kubwa hivi. Hermann Staudinger, mkemia Mjerumani, aliandika mwaka 1920 kwamba vitu kama mpira ni minyororo mirefu ya kweli iliyofungwa kwa vifungo imara, wenzake wakashikilia kwamba ni vimolekuli vidogo vimerundikana tu pamoja. Yeye ndo aliyelianzisha neno makromolekuli. Nobeli ya kemia alikuja kupewa 1953, ana miaka 72.

Hivi wanga na selulosi si vyote vimetengenezwa na glukosi? Mbona kimoja tukila tunapata nguvu na kingine kinapita hivihivi? Glukosi si ni glukosi? (Msomaji wa siku nyingi)

Glukosi ni ileile, kilichotofautiana ni namna ya kuunga, na hapa naomba uvumilie kidogo maana ndo sehemu tamu. Glukosi ni sukari yenye umbo la pete. Kwenye kaboni namba 1 ya hiyo pete kuna oksijeni na haidrojeni yake, na inaweza kukaa upande wa chini wa pete au upande wa juu. Ikikaa chini tunaita alfa, ikikaa juu tunaita beta. Wanga umeungwa kwa alfa, selulosi imeungwa kwa beta, na tofauti ya glukosi zenyewe imeishia hapo.

Sasa fuatilia kinachotokea. Kwa alfa kila glukosi inayofuata inakaa imepinda kidogo, ukiendelea kuunga mnyororo unajizungusha kama springi, unakuwa umelegea na maji yanapata pa kuingia. Kwa beta kila glukosi inakaa imepinduliwa ukilinganisha na jirani yake, na matokeo yake mnyororo unanyooka kama rula, minyororo iliyonyooka inalala pamoja sambamba, inashikana kwa vifungo vya haidrojeni vingi mno, unapata nyuzi ngumu ambazo ndo ukuta wa seli za mmea. Yaani chakula na ubao wa mti vimetofautishwa na mkao wa oksijeni moja!

Kimeng'enya chetu cha kuvunja wanga, amilesi, kiko kwenye mate na kwenye majimaji ya kongosho, na kina mfuko ambao mnyororo wa alfa unakaa humo vizuri. Ule wa beta haukai. Binadamu hatuna kabisa kimeng'enya cha kuvunja selulosi, na usifikiri ng'ombe anacho, hana, kazi hiyo anafanyiwa na vijidudu wanaoishi kwenye tumbo lake. Ila haipiti bure kwetu pia, ndo hizo nyuzinyuzi zinazofanya choo kiwe na ujazo na kisogee.

Kuna ndugu wa tatu watu wanamsahau, glikojeni, glukosi tunazojiwekea sisi wenyewe kwenye ini na misuli. Nayo ni alfa, lakini ina matawi mengi kuliko wanga, tawi jipya karibu kila baada ya glukosi 8 hadi 12, wakati ile sehemu ya wanga yenye matawi inakwenda 24 hadi 30. Matawi mengi maana yake ncha nyingi, na vimeng'enya vinang'oa glukosi kwenye ncha, kwa hiyo ukianza kukimbia ghafla zinang'olewa nyingi kwa wakati mmoja. Mmea hauna haraka hiyo.

Kwa nini mafuta mengine yanaganda na mengine yanabaki maji kwenye joto lilelile? (Mama wa wawili)

Umbo tena, mama. Asidi ya mafuta ni mkia mrefu wa kaboni. Ukiwa umejaa haidrojeni unanyooka, mikia iliyonyooka inabanana, mafuta yanaganda. Ukiwa na kifungo maradufu katikati, kwa mafuta ya asili karibu siku zote mkia unapata kona, na mikia yenye kona haiwezi kubanana, inateleza, mafuta yanabaki kimiminika. Utando wa seli zako unatumia ujanja huohuo, unachanganya iliyonyooka na yenye kona ili usiwe mgumu na usiwe mlegevu mno.

Mwalimu nieleweshe hili. Protini inatoka kwenye ribosomu, kile kiwanda cha protini ndani ya seli, ikiwa kama uzi tu, afu baadaye inakuwa na umbo lake maalumu. Nani anaikunja? Kuna mtu wa kuielekeza? (Naomba nisitajwe)

Hakuna. Inajikunja yenyewe. Kwangu mimi hili ndo jambo kubwa kuliko yote kwenye mada hii kwa hiyo nitalikalia.

Protini imejengwa kwa amino asidi, na za kawaida ni aina 20. Zote mgongo wao unafanana, ule ndo unaounganishwa kufanya uzi, kinachotofautiana ni kile kinachoning'inia ubavuni. Kuna zenye ubavu unaopenda maji, kuna zenye ubavu unaoyakimbia kama mafuta, kuna zenye chaji chanya, zenye chaji hasi, na kuna sisteini yenye salfa inayoweza kushikana na salfa ya sisteini mwenzake. Sasa seli imejaa maji. Uzi ukiingia kwenye maji, zile zinazoyakimbia zinajificha ndani, zinazoyapenda zinabaki nje, chanya inatafuta hasi, mgongo wenyewe unashikana kwa vifungo vya haidrojeni na kutengeneza springi au mikunjo bapa kama karatasi iliyokunjwa mara nyingi, na yote haya yanaenda pamoja mpaka uzi unatulia kwenye umbo ambalo halina sababu tena ya kuhangaika. Protini nyingi ndogo zinamaliza chini ya sekunde moja.

Ushahidi wake ni mzuri sana. Christian Anfinsen, Mmarekani, alichukua kimeng'enya kinaitwa ribonuklesi, kina amino asidi 124 na vifungo vinne vya salfa. Akakilegeza kwa urea na kemikali ya kuvunja vile vifungo vya salfa, kikawa uzi usio na kazi. Afu akaziondoa zile kemikali taratibu, na kimeng'enya kikajikunja upya, vifungo vilevile vinne, kikaanza kazi tena, ndani ya chombo cha maabara ambamo hamna seli wala ribosomu. Maana yake maelekezo yote ya umbo yako kwenye mpangilio wa amino asidi zenyewe. Alipata Nobeli 1972.

Najua utauliza, mbona yai likiiva halirudi kuwa bichi? Joto linatikisa vile vifungo dhaifu vinavyoshika umbo, protini za ute wa yai zinafunguka, na zile sehemu zinazokimbia maji zilizokuwa zimejificha zinabaki wazi, zinashika za jirani, jirani anashika mwingine, wote wanafungamana kuwa wavu mweupe. Kila uzi bado una mpangilio wake uleule, ila umenaswa na wenzake hauwezi kujinasua. Anfinsen alifanikiwa kwa sababu molekuli zake zilikuwa chache kwenye maji mengi, kila moja ina nafasi yake. Ndani ya seli nafasi ni finyu, ndo maana kuna protini wasaidizi, kazi yao sio kumwelekeza mwenzao ajikunje vipi, wao wanamlinda tu asinaswe na wengine wakati anajikunja.

Na mkunjo ukikosewa ni hatari kweli. Kuna magonjwa ya ubongo yanayoletwa na prioni, ambayo ni protini iliyokunjwa vibaya na ikikutana na ya kawaida inaifanya nayo ikunjwe vibaya, hivyohivyo mpaka inaenea. Mpangilio wa amino asidi unaweza kuwa uleule kabisa. Stanley Prusiner alipata Nobeli kwa hilo 1997.

Sasa kama maelekezo yako kwenye mpangilio, si tungeweza kuyasoma na kutabiri umbo? Watu walihangaika na swali hili miaka 50. Mwaka 2020 programu ya AlphaFold ilitabiri maumbo kwa usahihi uliowashangaza wataalamu wenyewe, na kufika 2022 ilikuwa imetoa utabiri wa protini zaidi ya milioni 200. Demis Hassabis na John Jumper, walioongoza kuitengeneza, walipewa Nobeli ya kemia 2024, pamoja na David Baker ambaye yeye anabuni protini mpya zisizokuwepo. Ni utabiri lakini, kwenye vitu vya muhimu bado maabara inahakiki.

Kolajeni ya kunywa inaenda moja kwa moja kwenye ngozi? (Dada wa mjini)

Haiendi, dada yangu. Kolajeni ni kamba ya nyuzi tatu zilizosokotwa, ndefu, na utumbo hauna mlango wa kupitisha kitu kama hicho. Inavunjwa kuwa amino asidi na vipande vifupivifupi, vinaingia kwenye damu, na mwili unavipeleka popote penye uhitaji bila kujali vilitoka wapi. Kolajeni yako unaijenga mwenyewe, na ili ile kamba ishike vizuri inahitajika vitamini C, ndo maana mtu akiikosa kwa muda mrefu fizi zinatoka damu na vidonda haviponi.

Mwanangu ana selimundu. Daktari alisema ni kosa la herufi moja tu. Sielewi herufi moja inamuumizaje mtoto namna hii. (Baba)

Pole sana baba, na pole kwa mtoto. Nitakueleza taratibu.

Hemoglobini ndo protini inayobeba oksijeni kwenye chembe nyekundu za damu. Ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta (hapa ni majina tu, sio zile alfa na beta za glukosi), jumla amino asidi 574. Kwenye jeni ya ule mnyororo wa beta, herufi moja ya DNA (inaandikwa kwa herufi nne, A, T, C na G) ilikaa T mahali pa A. Kwa sababu hiyo, amino asidi ya sita kwenye beta, ambayo ilitakiwa iwe asidi glutamiki, imekuwa valini. Asidi glutamiki ina chaji na inapenda maji, na inakaa nje ya hemoglobini. Valini inayakimbia maji. Kwa hiyo umepata kipande kinachokimbia maji, kimekaa nje kwenye maji, kinatafuta pa kujificha.

Hemoglobini ikiwa imebeba oksijeni hakuna shida kubwa. Ikishaitoa, umbo lake linabadilika na pembeni panatokea kishimo ambacho valini ya jirani inaingia vizuri kabisa. Basi moja inashika nyingine, nyingine inashika nyingine, zinajipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu ndani ya chembe, na chembe inavutwa kuwa kama mundu, inashindwa kupita kwenye mishipa myembamba, damu inaziba. Ule ndo uchungu mwanao anaousikia, baba, ni viungo vinakosa oksijeni. Na chembe hizi zinakufa mapema, ya kawaida inaishi siku kama 120, hizi siku 10 hadi 20, ndo upungufu wa damu unapotoka.

Sasa utaelewa pia kwa nini baridi kali, homa na kukosa maji vinaanzisha maumivu. Mwili ukikauka, hemoglobini ndani ya chembe inakuwa nzito zaidi, zinakutana kirahisi. Mpe maji mara kwa mara, homa usiisubirie, na kliniki asikose. Muulize daktari kuhusu dawa ya haidroksiurea kama hajaanzishiwa. Hiyo inaufanya mwili utengeneze tena hemoglobini ya utotoni, ile aliyokuwa nayo tumboni, ambayo haina mnyororo wa beta na haiingii kwenye zile nyuzi, inazikatiza. Mwisho wa 2023 Uingereza na Marekani waliruhusu tiba ya kuhariri jeni kwenye seli za uboho inayofuata njia hiyohiyo ya kurudisha hemoglobini ya utotoni. Bado ni ghali na nzito kwa mgonjwa, lakini ipo.

Na jambo moja naomba ulichukue na mama yake mlisikie. Hakuna mlichokosea. Mzazi mwenye nakala moja ya jeni hii kwa kawaida haumwi, na nakala hiyo moja inamkinga na malaria kali, ndo maana imedumu vizazi na vizazi.

Ni kweli DNA ya seli moja ukiinyoosha ni mita mbili? (Kijana wa kompyuta)

Ni kweli, karibu mita mbili. Jozi kama bilioni 6.4 za herufi, kila jozi inachukua nanomita 0.34, zidisha mwenyewe. Inakaa kwenye kiini cha seli ambacho upana wake ni sehemu chache tu kati ya elfu za milimita moja, kwa kuzungushwa kwenye protini zinazoitwa histoni, jozi kama 147 kila kifundo, afu vifundo vinakunjwa tena. Na ukisoma habari za ugunduzi wa umbo hili mwaka 1953 majina ya Watson na Crick yatakuja ya kwanza, lakini picha ya eksirei iliyowapa mwanga ilitoka kwenye kazi ya Rosalind Franklin, ilipigwa 1952 na mwanafunzi wake Raymond Gosling, na Watson alionyeshwa bila Franklin kujua. Franklin alifariki 1958, Nobeli ikatoka 1962. Kila ninapofundisha DNA jina lake nalitaja.

Kwa nini tuna DNA na RNA? Si moja ingetosha? Zinafanana kila kitu isipokuwa U na T. (Mwanafunzi mwingine)

Zinatofautiana vitu viwili, na cha pili ndo kikubwa. Sukari ya RNA ina oksijeni na haidrojeni kwenye kaboni namba 2, sukari ya DNA pale ina haidrojeni tu. Ile oksijeni ya RNA haitulii, inaweza kuushambulia uti wa mnyororo wake na kuukata. Kwa hiyo RNA inakatika kirahisi. Kwa ujumbe hilo ni zuri, ujumbe ukishafanyiwa kazi unatakiwa upotee, nyingi zinaishi dakika au saa kadhaa. Maktaba ya maisha yote huwezi kuiandika kwenye kitu cha hivyo.

Na hiyo U na T nayo ina sababu. Herufi C huwa inaharibika yenyewe mara kwa mara ikageuka U. Kwenye DNA, ambayo inatumia T, wakaguzi wa seli wakikuta U wanajua papo hapo kwamba hii imeharibika, wanaikata na kurudisha C. DNA ingekuwa inatumia U kama kawaida wangejuaje ipi ni halali na ipi ni uharibifu?

Lakini usiidharau RNA ukadhani ni tarishi tu. Kwa kuwa kawaida ni uzi mmoja inaweza kujikunja kama protini, na ikishajikunja inaweza kufanya kazi ya kimeng'enya. Thomas Cech na Sidney Altman walionyesha hivyo, wakapata Nobeli 1989, maana kabla yao iliaminika vimeng'enya vyote ni protini. Baadaye ribosomu ilipopigwa picha kwa karibu kabisa, Nobeli ya 2009 ya Venkatraman Ramakrishnan, Thomas Steitz na Ada Yonath, ikaonekana kwamba pale penyewe amino asidi zinapounganishwa hakuna protini inayofanya hiyo kazi, pamejaa RNA. Kwa hiyo kila protini iliyotoka kwenye ribosomu zako, vifungo vyote vinavyounga amino asidi zake kuwa uzi vilifungwa na RNA.